Kesi ya ajali imekufikia mezani: mwongozo kamili kwa afisa mpya wa madai ya magari Nairobi

Samansi hufika ofisini kwa njia tatu. Mpeleka samansi huiacha mapokezi, mteja huileta mwenyewe baada ya kukabidhiwa nyumbani au steji, au hutoka kwa broka aliyekaa nayo zaidi ya wiki akisubiri safari ya kuja mjini. Vyovyote iwavyo, kabla hujasoma madai yenyewe, tafuta tarehe nne: siku ya ajali, siku kesi ilipofunguliwa, siku samansi ilipotolewa na korti, na siku mteja alipokabidhiwa. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa faili pamoja na jina la aliyekuletea karatasi.

Ninamwandikia kijana aliyeajiriwa juzi kwenye dawati la kesi za magari katika kampuni ya bima hapa jijini. Nimeona faili nyingi za namna hii, na ninaamini kwamba kampuni inapolipa kupita inavyostahili, au mtu aliyeumia anaposubiri haki yake miaka mingi bila sababu, mara nyingi chanzo ni wiki mbili za kwanza. Hizo ndizo siku ambazo shahidi anakumbuka, alama za breki bado zinaonekana barabarani, na dereva bado anashika simu.

Siku ya kwanza

Soma siku zilizoandikwa kwenye samansi. Mara nyingi mdaiwa hupewa siku 15 za kuwasilisha hati ya kufika mahakamani, na baada ya hapo ana siku 14 za kuleta utetezi. Hesabu huanza mteja alipokabidhiwa. Mhuri wa mapokezi yenu hausimamishi chochote. Kama mteja alikaa nayo siku 12, basi wakili apigiwe simu kabla ya chai ya saa nne na barua ya maagizo imfuate mchana huo huo. Barua hiyo iwe na nakala ya samansi na hati ya madai, tarehe ya kukabidhiwa, jina la dereva, hali ya bima kufikia siku hiyo, na neno moja wazi kama kampuni inakubali kusimama na mteja au inahifadhi haki ya kujitoa.

Muda ukipita, mdai ataomba hukumu ya kutofika. Katika madai ya majeraha hukumu hiyo huhusu lawama tu, na kiwango cha fidia husikilizwa baadaye, kwa hiyo nafasi ya kuitengua ipo. Lakini korti itataka sababu ya kuchelewa pamoja na rasimu ya utetezi wenye hoja za kweli, na kila wiki unayoongeza inakula huruma ya hakimu.

Angalia pia ukomo. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, humpa aliyeumia miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama gari lililogonga ni la Serikali, muda ni miezi 12. Kesi iliyopitwa na muda hujibiwa kwa hoja hiyo kwenye utetezi, na wakili hawezi kuiona usipompa tarehe sahihi ya ajali.

Jua pia kesi iko korti gani. Ajali ya Barabara ya Mombasa inaweza kufunguliwa Milimani au Mavoko. Tangu Julai 2020 korti za Nairobi hupokea nyaraka kwa mtandao, kwa hiyo mwombe wakili athibitishe kwenye mfumo kwamba nambari ya kesi ni ya kweli. Korti ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Dai la gari lililobondeka likiangukia huko, nyaraka zako ziwe tayari tangu mwanzo, maana mwendo wa kesi kule hauna subira. Hakimu mkuu ana uwezo wa kusikiliza madai hadi milioni 20, ndiyo sababu kesi nyingi za ajali huanzia mahakama za mahakimu na kufika Mahakama Kuu kama rufaa.

Bima ilikuwepo kweli?

Fungua mkataba, cheti na rekodi ya malipo. Linganisha nambari ya gari, saa na tarehe ambayo cheti kilianza kufanya kazi, na matumizi yaliyoruhusiwa. Gari la kibinafsi lililokuwa likibeba abiria wa kulipa, pikipiki ya mizigo iliyogeuka boda boda, au dereva asiye na leseni ya daraja lile, yote hayo ni ya kuandikwa mapema. Pata rekodi ya umiliki kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa sababu Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Utakutana na wateja waliouza gari miaka miwili iliyopita bila kubadilisha jina. Mwombe mkataba wa mauzo siku hiyo hiyo.

Sheria utakayoishi nayo ni Sura ya 405, ile ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa watu wengine. Soma kifungu cha 4, cha 5 na cha 10 hadi uvielewe bila msaada. Kifungu cha 10 huilazimu kampuni kulipa hukumu aliyopata mtu wa nje hata pale mteja alipovunja masharti, kisha kampuni imgeukie mteja wake. Anayesema “mteja alichelewa kutuarifu, kwa hiyo hatulipi” hajakisoma. Kifungu hicho hicho humtaka mdai awe ameipa kampuni ilani ya kesi, kabla ya kuifungua au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo tunza bahasha na mhuri wa ilani, na usikubali barua ya wakili wa mdai ikae kwenye rafu ya mapokezi.

Kama mteja alidanganya jambo la msingi alipokuwa akiomba bima, kampuni inaweza kuomba mahakama itamke kwamba ina haki ya kuukana mkataba. Kesi hiyo lazima ifunguliwe kabla ya ile ya mdai au ndani ya miezi 3 tangu ilipoanza. Miezi hiyo huisha upesi. Shaka ikikuingia, ipeleke kwa msimamizi wako kwa maandishi wiki hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo maafisa wapya huyachanganya. La kwanza: bima ya lazima inahusu kifo na majeraha. Gari la jirani lililogongwa, ukuta au kibanda cha mama mboga hulipwa kwa mujibu wa mkataba na kikomo chake. La pili: abiria wa gari la kibinafsi hawamo kwenye bima ya lazima kama walivyo abiria wa kulipa kwenye matatu, au wafanyakazi wanaobebwa kwa sababu ya mkataba wa kazi. Tazama kama mteja alilipia kipengele cha abiria kabla hujaahidi lolote.

Halafu kuna kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Kinachozidi hapo ni mzigo wa mteja. Ukiona dalili kwamba dai litapita kikomo, mwandikie mteja mapema, kwa lugha anayoielewa, umwambie anaweza kuweka wakili wake kwa ajili ya kile kitakachozidi. Mwenye matatu moja aliyoinunua kwa mkopo wa sacco ana haki ya kujua kabla dalali wa mahakama hajabisha hodi.

Kusanya ukweli ungali moto

Hapa ndipo uweke nguvu zako nyingi. Mtume mpelelezi, lakini usimtume kwa maneno “chunguza ajali”. Mpe maswali. Nani alikuwa akiendesha? Gari lilitoka upande gani? Abiria walikuwa wangapi, na waliketi wapi? Nani alipelekwa hospitali, na kwa gari gani? Je, kuna kamera kwenye petroli steshoni au jengo la karibu? Rekodi za kamera hufutika zenyewe baada ya muda, kwa hiyo swali hili halingoji ripoti kamili.

Dereva ni shahidi wako wa kwanza, na katika sekta ya matatu huhama haraka. Leo yuko Rongai, mwezi ujao yuko Kitengela na laini nyingine ya simu. Mtafute kupitia sacco yake. Andika maelezo yake na atie sahihi, chukua nakala ya leseni, kitambulisho, na nambari za watu wawili wa familia watakaojua alipo. Zungumza naye kwa heshima. Mwanzo mzuri ni “Pole kwa yaliyokupata, dere, nieleze polepole ilivyokuwa.” Dereva anayehisi kwamba anatafutiwa kosa atakupa hadithi fupi na simu itazimwa.

Kituoni, omba kuona maandishi ya kitabu cha matukio, yaani OB, pamoja na ramani ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari. Abstrakti ya polisi peke yake husema kidogo. Huthibitisha kwamba ajali iliripotiwa, lakini ile iliyoandikwa kwamba uchunguzi unaendelea haimwelekezei mtu lawama. Fuatilia kesi ya trafiki hadi mwisho. Dereva akihukumiwa na rufaa zikaisha, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, huifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Bado unaweza kudai kwamba mdai naye alichangia, lakini huwezi tena kusema dereva wako hakukosea. Mteja anayekiri kosa la trafiki ili arudi barabarani upesi awe ameelezwa hili kabla hajafika mbele ya hakimu.

Ajali moja huzaa kesi nyingi. Fungua faili mama ya ajali na uorodheshe kila aliyetajwa: kwenye OB, kwenye rejista ya hospitali, kwenye fomu za P3 (zile za polisi ambazo daktari hujaza majeraha), na kwenye barua za mawakili. Orodha hiyo ndiyo silaha yako dhidi ya abiria hewa, watu wanaodai walikuwa ndani ya gari ambalo hawakulipanda. Kama matatu ya abiria 14 imezaa wadai 19, usiruke kuwaita wote wezi, kwa sababu wakati mwingine makanga alijaza kupita kiasi. Linganisha. Aliyetibiwa siku ya ajali kwenye hospitali iliyo karibu na eneo ana uzito kuliko aliyejitokeza wiki tatu baadaye kwenye kliniki ya mtaa mwingine, na P3 yenye tarehe iliyotangulia matibabu inahitaji maelezo. Nenda hospitalini ukathibitishe nambari ya mgonjwa kwa utaratibu unaokubalika kisheria. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na ukikuta mtu ameumia kweli, liandike hilo kwenye faili kwa mkazo ule ule unaotumia kuandika shaka.

Majeraha na hesabu

Tuma mdai kwa daktari wa pili mapema. Ripoti ya daktari wake na ya daktari wenu zikiwekwa pamoja, tazama mambo matatu tu: jeraha lenyewe, asilimia ya ulemavu wa kudumu, na matibabu yajayo, kwa mfano upasuaji wa kutoa vyuma mguuni. Gharama za matibabu yajayo lazima ziwe zimeombwa kwenye hati ya madai. Risiti nazo zihesabiwe moja moja, kwa sababu tangu kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya 1985 mahakama zetu zimeshikilia kwamba fidia mahususi, yaani ya gharama zilizokwisha kulipwa, hutajwa wazi na kuthibitishwa kikamilifu.

Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na ulemavu wenyewe, haina jedwali. Ingia tovuti ya Kenya Law, ambayo ni ya bure, utafute hukumu za Mahakama Kuu za miaka ya karibuni zenye majeraha yanayofanana. Tatu zinatosha. Chagua zile zinazofanana kweli: mfupa uleule, umri unaokaribiana, ulemavu unaokaribiana. Kuokota hukumu ndogo kuliko zote humridhisha msimamizi kwa wiki moja tu, kisha hakimu anatoa mara mbili yake.

Dai la kifo lina njia mbili zinazoandamana. Sheria ya Ajali za Kifo, Sura ya 32, ni kwa ajili ya mke, mume, wazazi na watoto waliomtegemea marehemu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ni kwa ajili ya mirathi yake: maumivu kabla ya kufa, na kupoteza matarajio ya maisha, ambapo korti nyingi huweka karibu na shilingi 100,000. Anayefungua kesi awe na barua ya usimamizi wa mirathi, hata ile ya muda kwa ajili ya kesi tu. Iulize kabla ya kujadili hata senti moja.

Hesabu ya utegemezi ni hii. Tuseme marehemu alikuwa na mke na watoto, alipokea 30,000 kwa mwezi baada ya makato, na mahakama ikaona angefanya kazi miaka 20 zaidi. Zidisha 30,000 kwa 12, kisha kwa 20, kisha kwa theluthi mbili ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa zilikwenda kwa familia. Unapata 4,800,000. Marehemu akiwa na lawama ya asilimia 20, inabaki 3,840,000, kabla ya mazishi na mirathi. Kikomo cha milioni 3 kimeshapitwa na barua kwa mteja inapaswa kuwa imetoka. Mapato yasipothibitishwa, mara nyingi korti hutumia kima cha chini cha mshahara wa kazi ile, lakini usitegemee kwamba ukosefu wa hati utaifuta kesi. Katika Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, ya 2005, Mahakama ya Rufaa ilisema hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato. Fundi wa Gikomba hana hati ya mshahara, na familia yake ilikula kila siku.

Akiba ya dai, yaani pesa zinazotengwa kwenye vitabu kwa faili hiyo, itoke kwenye hesabu hii. Iandike na sababu zake, uibadilishe kila ripoti mpya inapoingia.

Kukubaliana

Kesi nyingi huisha kwa makubaliano. Lawama hujadiliwa kwanza, kwa mgao kama 80 kwa 20 au 70 kwa 30, kisha kiwango. Abiria aliyekuwa amekaa kimya kwenye kiti chake hana lawama ya kugawana. Hapo ugomvi ni kati ya magari mawili, na kama gari lingine halijashtakiwa, wakili aombe kuliingiza ndani ya siku 14 baada ya hati za madai na utetezi kufungwa. Mtembea kwa miguu aliyevuka Barabara ya Thika chini ya daraja la waenda kwa miguu, au mpanda boda boda asiye na kofia, ni mazungumzo mengine, na hapo hoja ya kuchangia ina miguu. Wadai wakiwa wengi kutoka ajali moja, pendekeza kesi moja iwe kigezo cha lawama, nyingine zisimame zikingoja.

Iwe ni wiki ya pili au mwaka wa pili, dai la haki ni la haki. Ukishaona kwamba dereva wako alikosea na majeraha ni ya kweli, toa pendekezo linaloeleweka, lenye hukumu ulizotumia. Riba na gharama za mawakili huongezeka kila mwezi unaokaa kimya, na upande wa pili kuna mtu anayetembea kwa mikongojo akingoja.

Mdai mwenye wakili akikupigia simu mwenyewe, mwambie pole kwa dhati, mweleze kwamba lazima mazungumzo yapitie kwa wakili wake, na uandike simu hiyo kwenye faili. Usimpe kiasi. Na wakili, dalali au mpelelezi akikupa “ya chai” ili faili ipite, kataa na umjulishe msimamizi siku hiyo kwa maandishi. Mdai akiwa mtoto, makubaliano hayana nguvu bila idhini ya korti, hata mzazi akiwa ametia sahihi.

Hukumu na baada yake

Wiki mbili kabla ya kusikilizwa, thibitisha dereva yupo na nauli yake imelipwa, na kama kuna ubishi juu ya jeraha, daktari wenu ameitwa. Siku ya hukumu, mtake wakili akupe matokeo jioni hiyo pamoja na maoni yake kuhusu rufaa. Una siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu. Mahakama Kuu haibadilishi kiwango kwa sababu wewe ungetoa kidogo zaidi. Hubadilisha pale hakimu alipokosea kanuni, au kiwango kilipokuwa kidogo au kikubwa kupita kiasi. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Omba zuio bila kuchelewa na uwe tayari na dhamana. Mara nyingi korti huamuru nusu ilipwe kwa mdai na nusu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili.

Bila zuio, dalali wa mahakama anaweza kuorodhesha mali ya mteja na kumpa siku 7 kabla ya kuichukua. Mteja wako anaamka akute matatu imeorodheshwa kwa kesi ambayo alidhani bima inashughulikia. Hilo lisitokee kwa sababu ya hundi iliyokaa mezani ikingoja sahihi. Hukumu ikikubaliwa, andika ombi la malipo kesho yake.

Malipo yakitoka, pata hati ya kukubali kuwa dai limekwisha ikiwa na sahihi ya wakili wa mdai, hakikisha gharama za kesi zimo, na mjulishe mteja kwa barua. Kama hukumu iligawa lawama na gari lingine na kampuni yako ndiyo iliyolipa yote, barua ya kudai sehemu yao itoke wiki hiyo hiyo, ikiwa na nakala ya hukumu na uthibitisho wa malipo.